Kutoka Tarishi Hadi Mlinzi

Nimestaafu ukarani wa mahakama na ninaishi Chang'ombe, hapa Dodoma. Nikiulizwa habari za zamani, watu hutaka kusikia juu ya majaji na mahakimu. Mtu wa mlangoni haulizwi na yeyote, ilhali mwenye shida hukutana naye kabla ya kumwona mtu mwingine yeyote mahakamani.

Kabla ya mlinzi alikuwapo tarishi. Gavana Donald Cameron alitaka Tanganyika itawaliwe kupitia watemi. Sheria ya 1926 ikawapa mamlaka, na ya 1929 ikaweka mahakama za wenyeji. Huku Ugogo jina kubwa lilikuwa la Mtemi Mazengo wa Mvumi. Marehemu baba, aliyezaliwa upande huo, alinisimulia kwamba tarishi alikuwa mtu wa miguu. Alipeleka wito, akamleta mdaiwa, akamfuata aliyetozwa faini hadi ng'ombe wahesabiwe, kisha akawanyamazisha watu barazani. Kumzuia mtu asiingie haikuwa kazi yake. Wazee walikaa kivulini, na kila mpita njia aliweza kusimama akasikiliza.

Watemi waliondolewa madarakani 1963. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka huohuo ilipoanza kutumika Julai 1964, mahakama zao ziliingizwa katika mfumo mmoja wa nchi, ndipo tukapata mahakama ya mwanzo. Tarishi akabaki na wito na majalada. Ulinzi wakaushika polisi na askari Magereza. Karandinga likifika kutoka gereza la Isanga, ndugu wa mahabusu walikuwa wamekwisha kujaa uani tangu alfajiri, na macho yote ya askari yalikuwa kwa mshtakiwa asije akatoroka. Hakimu alipita katikati ya umati huohuo, majalada kwapani. Shahidi alikaa benchi moja na mama wa mtu aliyekuja kumtolea ushahidi, wakatazamana hadi kesi iitwe.

Usiku jengo zima liliachiwa mzee mmoja mwenye rungu na tochi. Nyuma ya mlango alioulinda kulikuwa na vielelezo: mapanga, baiskeli, magunia ya bangi, na kabati la majalada. Jalada likipotea, mtu anaweza kusota rumande au mjane akakosa shamba lake. Kazi nzito namna ile ilihesabiwa kuwa ya mtu asiye na ujuzi, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Baada ya mabomu ya Agosti 7, 1998 kwenye balozi za Marekani za Dar es Salaam na Nairobi, tulianza kuona vioo vikipitishwa chini ya magari kwenye mageti ya mabenki na maofisi. Lakini anayeitishia mahakama haji na bomu kila mara. Makadara, Nairobi, Juni 2024, hakimu Monica Kivuti alipigwa risasi akiwa kazini, akafariki. Aliyempiga alikuwa afisa wa polisi, mume wa mshtakiwa aliyekuwa amefutiwa dhamana muda mfupi tu uliotangulia. Na Kampala, Septemba 1972, Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alichukuliwa na watu wa Idi Amin kutoka Mahakama Kuu, hakurudi tena. Novemba 2005, watu wenye silaha waliizingira mahakama hiyohiyo siku washtakiwa walipopewa dhamana. Mlinzi wa mahakama inambidi ajue kwamba hatari inaweza kuja imevaa sare, tena yenye cheo kumzidi.

Dodoma ya sasa ina Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki, kilichozinduliwa Oktoba 2021, na makao makuu ya Mahakama yaliyozinduliwa Aprili 2025. Majengo yanaongezeka, na walinzi nao. Vijana wa Chang'ombe wanaliona hilo. Anayerudi kutoka Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) Makutupora husikia kwanza habari za kazi ya ulinzi ya SUMA JKT, shirika la jeshi hilo, au ya kampuni binafsi.

Mpwa wangu ni mmoja wao, na sasa ni mlinzi wa mahakama. Amefundishwa kukagua mikoba na kupitisha kile kifaa cha kutafuta chuma. Hakufundishwa kusoma wito, wala kwamba mtoto anayekuja kutoa ushahidi asikalishwe karibu na mshtakiwa, wala kwamba mtu anayepiga kelele koridoni baada ya hukumu ya talaka mara nyingi anahitaji kiti na maji kabla ya pingu. Mambo hayo anakuja kuniuliza mimi jioni, akitoka zamu ya saa kumi na mbili. "Shikamoo mjomba," kisha anavua buti na kutoa daftari. Nadhani yangestahili kufundishwa darasani, kwa cheti na mshahara unaolingana nayo. Kwa sasa tunayafundishia kibarazani kwangu, na wiki hii tumefika kwenye vielelezo: namna ya kuvipokea, kuviwekea alama, na kuandika nani amevishika na saa ngapi.