Bunkeya, Musumba, Calvi: nani hurithi vita?

Alasiri ya tarehe 19 Mei 1978, askari wa miavuli wapatao 400 wa kikosi cha 2e REP cha Jeshi la Kigeni la Ufaransa, chenye makao Calvi, Corsica, waliruka kutoka ndegeni juu ya Kolwezi, mji wa Katanga (leo mkoa wa Lualaba), kusini mwa Kongo. Chini walisubiriwa na wapiganaji wa FNLC, waasi wa Katanga waliokuwa uhamishoni Angola, ambao walikuwa wameushika mji tangu tarehe 13. Wenyeji waliwaita Tigres, na wazee waliendelea kuwaita majandarme, jina la miaka ya 1960, Katanga ilipojitenga chini ya Tshombe. Mapigano hayo Kolwezi huitwa Vita ya Siku Sita, yasije yakachanganywa na Vita ya Siku Themanini ya mwaka uliotangulia. Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya Rais Mobutu wa Zaire, Angola, Wakuba na bei ya kobalti. Mimi nataka kuzipima pande mbili zile kwa jambo moja tu: kila upande uliupataje uaskari wake, na ulimwachia nani.

Tuanze na waliotoka angani. Miaka ile aliyejiunga na Jeshi la Kigeni aliandikishwa kwa jina jingine. Baba, ukoo na makosa ya nyuma vilibaki nje ya lango la kambi. Kwa watu wa kwetu, ambako mgeni haketi kabla hajaulizwa ni mtoto wa nani, huo ulikuwa utaratibu wa ajabu. Hata hivyo jeshi hilo halikukosa mababu, limejichagulia. Kila tarehe 30 Aprili huadhimisha pigano la Camerone, huko Mexico, la mwaka 1863, ambapo askari wasiofika sabini walizuia jeshi kubwa kwa siku nzima hadi karibu wote wakauawa au kutekwa. Kamanda wao, Kapteni Jean Danjou, alikuwa na mkono wa bandia wa mbao. Mkono ule umehifadhiwa Aubagne, kusini mwa Ufaransa, na siku ya maadhimisho hubebwa mbele ya gwaride. Anayeubeba hana hata tone la damu ya Danjou, na si lazima awe Mfaransa wa kuzaliwa. Amepewa heshima hiyo kwa utumishi wake.

Ila maofisa wao wana desturi nyingine. Kanali Philippe Erulin, aliyewaongoza Kolwezi, alikuwa mtoto wa ofisa: baba yake, André Erulin, aliuawa Indochina mwaka 1951. Baba alikufa akiitetea himaya, mwana akapigana Algeria. Mwaka uleule wa Kolwezi, magazeti ya Ufaransa yalifufua tuhuma kwamba alipokuwa luteni alishiriki kumtesa mwandishi Henri Alleg jijini Algiers mwaka 1957. Erulin alifariki mwaka 1979. Mwaka uliofuata ikatoka filamu ya Raoul Coutard, kutoka kitabu cha Pierre Sergent, na Kolwezi ikawa fahari ya kikosi, ikaimbwa na kusimuliwa kwa kuruta wasiojua hata mji uko upande gani wa ramani. Jeshi lenye kambi, makumbusho na waandishi lina uwezo wa kuchagua kipi kirithiwe na kipi kiachwe kwa wanahistoria.

Sasa tugeukie upande wa pili. Wengi wa Tigres walikuwa Walunda na majirani zao wa Dilolo, Sandoa na Kapanga, na huko Kapanga ndiko iliko Musumba, makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda. Walunda wana desturi ya urithi iliyo kinyume kabisa na ya Aubagne. Jeshi la Kigeni lilimpa mtu mzima jina jipya lisilo na historia. Walunda humpa mtu mpya jina kongwe lenye historia yake yote. Anayerithi cheo hurithi jina la marehemu, undugu wake, madaraka yake na ugomvi wake. Kama wa kwanza kushika cheo fulani alikuwa mjomba wa mwenye cheo kingine, basi washika vyeo hivyo wataendelea kuwa mjomba na mpwa hata vizazi kumi baadaye, ingawa hawana uhusiano wa damu. Ian Cunnison, aliyefanya utafiti bondeni mwa Luapula kati ya watu wa Mwata Kazembe, tawi la mashariki la Walunda, aliona wazee wakisimulia safari na vita vya karne ya 18 kwa kusema “mimi”: mimi nilivuka mto, mimi nilimshinda fulani. Kwao hiyo haikuwa majivuno. Mwenye jina ndiye aliyekuwapo. Mpaka leo, kila Julai huko Mwansabombwe nchini Zambia, Mwata Kazembe hucheza Mutomboko na upanga mkononi, akirudia ushindi uliopatikana na watu waliolibeba jina hilo kabla yake.

Katika mkoa huohuo wa Lualaba, zilipo Kolwezi na Musumba, Wayeke wa Bunkeya wana namna yao. Msiri alitoka Usumbwa, upande wa Unyamwezi, akajenga dola kwa shaba, pembe na bunduki. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa kwa risasi na Kapteni Omer Bodson wa msafara wa Stairs, ambaye naye aliuawa katika tukio hilohilo. Mtu angetarajia mwana alipe kisasi. Mukanda-Bantu, mwana aliyerithi, alifanya hesabu tofauti: aliwapeleka askari wake wapigane bega kwa bega na Dola Huru ya Kongo, iliyonufaika na msafara ule, dhidi ya Wasanga na waasi wengine, na kwa njia hiyo akaokoa kiti. Vizazi vilipita, na mwaka 1960 mtu wa ukoo huohuo, Godefroid Munongo, akawa waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyojitenga, akifanya kazi na maofisa wa Kibelgiji. Mwaka 1976 akawa yeye mwenyewe Mwami, mtawala wa Wayeke. Wapo wanaoiona njia hiyo kuwa ya usaliti mara mbili. Mimi naona ukoo uliojua kwamba kinachorithiwa ni kiti, na kwamba vita ni ada ya kukilinda. Ndiyo maana Bunkeya inaweza kumkumbuka Msiri kila Desemba bila aibu na bila kumchukia mwanawe.

Tigres hawakuwa na kiti. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Jandarmeria ya Katanga, walikotoka Tigres, iliundwa baada ya Moïse Tshombe kutangaza kujitenga tarehe 11 Julai 1960. Tshombe alizaliwa Musumba, akaoa binti wa Mwant Yav, lakini alikuwa mfanyabiashara, si askari. Bendera aliyowapa vijana wake ilikuwa na misalaba mitatu ya shaba, ile iliyotumika zamani kama fedha katika nchi hii. Januari 1963 Umoja wa Mataifa uliingia Kolwezi, ngome ya mwisho, na dola ikaisha. Majandarme wengine walirudi vijijini, wengine wakavuka mpaka na silaha zao hadi Angola ya Wareno. Mwaka 1964 Tshombe akawa waziri mkuu huko Leopoldville, akawaita wapigane na waasi wa Simba. Mwaka 1966 na 1967 wakaasi Kisangani. Mara ya pili waliongozwa na mamluki, akiwamo Jean Schramme, hadi Bukavu. Wengine wakakimbilia tena Angola. Wareno wakawatumia dhidi ya wapigania uhuru. Tshombe akafia kizuizini Algeria mwaka 1969. Angola ilipokaribia uhuru mwaka 1975, wakageuka na kupigana upande wa MPLA, chama cha Kimaksi cha Waangola. Machi 1977 wakavuka kuja nyumbani chini ya Nathanaël Mbumba, aliyewahi kuwa mkuu wa polisi Kolwezi, wakafika Mutshatsha kabla ya kurudishwa na jeshi la Mobutu likisaidiwa na Wamoroko. Maelfu ya raia wakawafuata ng'ambo wakikimbia kisasi, na kati ya vijana wao wakapatikana askari wapya wa mwaka 1978.

Hesabu bendera hizo. Mtu aliyeandikishwa mwaka 1960 akiwa na miaka ishirini alikuwa amepigania, kabla hajafika arobaini, dola isiyotambuliwa, serikali iliyoiua dola hiyo, mamluki, wakoloni wa Kireno na Wamaksi waliowafukuza wakoloni hao. Waandishi wa Ulaya wamemwita mamluki wa kuzaliwa. Nadhani wamekosea, au wameona nusu. Mamluki huondoka malipo yakikauka. Hawa walibaki pamoja, wakaoa, wakazaa, wakafundisha watoto wao wimbo wa kurudi. Erik Kennes na Miles Larmer, walioandika historia yao, wameonyesha kwamba kila bosi mpya kwao alikuwa njia tu ya kufika Katanga.

Ubaya ni kwamba njia ya kurudi nayo ilikuwa na damu. Katika siku sita za Kolwezi waliuawa zaidi ya Wazungu mia moja na Waafrika mamia, na si wote waliouawa na upande mmoja. Askari wa Mobutu nao walikuwa na mkono wao, kisha wakawageukia Walunda baada ya mji kukombolewa. Jeshi la Kigeni lilipoteza askari watano, na majina yao yanasomwa. Tigres waliokufa hawana ukuta wowote wa majina. Familia nyingi za Kolwezi na Dilolo zilijifunza kunyamaza kuhusu mjomba aliyekwenda Angola, kwa sababu hadi Mobutu anaondoka, undugu huo ungeweza kumfunga mtu.

Mwaka 1997 wana wakarudi. Angola iliwapeleka kwa ndege hadi mashariki ya Kongo kumsaidia Laurent-Désiré Kabila, kiongozi wa waasi dhidi ya Mobutu. Walipigana kuelekea Kisangani na hatimaye Kinshasa. Wengi wao walizaliwa ng'ambo, wakizungumza Kireno. Wakongo waliowaona waliwashangaa: hawa ni wageni au ni wenyeji? Kwa desturi ya Musumba jibu ni rahisi, kwa kuwa mwenye jina ndiye aliyeondoka na ndiye aliyerudi. Kwa Kinshasa halikuwa rahisi. Ushindi ulipopatikana waliwekwa pembeni, maana hakuna mtawala aliyependa kuwa na jeshi linalodai kwamba linamdai.

Neno hilo la kudai linanipeleka Nairobi. Wanubi wa Kibera ni wajukuu wa askari wa Kisudani waliokuwa na gavana Emin Pasha, kisha wakachukuliwa na Kapteni Lugard wa Uingereza mwaka 1891, kisha wakawa uti wa mgongo wa King's African Rifles (KAR). Waingereza waliwaweka Kibera kama makazi ya askari na familia zao, bila hati. Mtoto wa Kinubi alikuwa askari kwa kuzaliwa. Babu na baba walivaa fezi na sare ileile. Uhuru ulipokuja, utumishi wa babu ukawa kikwazo: ulipigana kwa ajili ya nani? Wanubi hawakujibu kwa bunduki. Walijibu kwa barua, kesi na makaburi yao pale Kibera, miaka na miaka, hadi Juni 2017 walipokabidhiwa hati ya ekari 288, sehemu ndogo ya zaidi ya ekari 4,000 zilizopimwa mwaka 1918. Ni kidogo, lakini ni urithi unaoweza kuwekwa kabatini.

Tanzania ilikata mzizi kabisa. Askari wa Tanganyika Rifles, warithi wa KAR, walipoasi Januari 1964, Nyerere alilivunja jeshi lao na Septemba ile likazaliwa Jeshi la Wananchi (JWTZ), kwa vijana wa chama badala ya makabila yaliyosifiwa na Waingereza kuwa ya kivita. Waliokufa katika vita vya Kagera, vilivyoanza Oktoba 1978, miezi mitano baada ya Kolwezi, wanakumbukwa Kaboya katika mkoa wa Kagera, na taifa lina Siku ya Mashujaa kila tarehe 25 Julai. Marehemu pale ni wa nchi nzima, na mtoto wake halazimiki kushika bunduki ili baba aheshimiwe.

Katanga mambo yalikwenda vingine. Tarehe 23 Machi 2013, vijana wa Bakata Katanga, kundi la wanamgambo wanaotaka Katanga ijitenge, waliingia Lubumbashi na bendera ya misalaba mitatu, wakapigana na askari wa serikali, wakakimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa, na makumi ya watu wakafa. Wengi hawakuwa wamezaliwa dola ile ilipokufa. Kiongozi aliyehusishwa nao, Gédéon Kyungu Mutanga, alitokana na wanamgambo wa Mai-Mai wa kaskazini mwa Katanga. Alihukumiwa kifo mwaka 2009 kwa uhalifu dhidi ya raia, akatoroka gerezani mwaka 2011, akajisalimisha kwa shangwe mwaka 2016, akatoweka tena mwaka 2020. Damu ya majandarme wa 1960 hakuwa nayo, wala waliomfuata wengi wao. Walichukua bendera kama Jeshi la Kigeni linavyochukua Camerone, babu wa kuchagua, isipokuwa wao hawakuwa na Aubagne ya kuwaambia lini bunduki iwekwe chini. Na wajukuu halisi, wale wa Sandoa na Dilolo ambao babu zao walivuka mpaka mwaka 1963, hakuna aliyewauliza kama jina hilo linakopeshwa.