Majina ya udongo wetu: kuwakumbuka walimi wa kwanza

Katika siku hizi za jubilei yatupasa kuwakumbuka pia wale waliolima udongo huu mbele yetu. Hawakutuachia vitabu. Walituachia majina, nasi tunayataja kila siku bila kuyasikiliza.

Hewa Bora ni jina la Kiswahili. Ni jina la watu wa mji, waliotoka pande nyingi wakapatana katika lugha moja. Lakini tukitoka mtaani tunakutana na majina mengine: Lubumbashi, Kafubu, Ruashi, Naviundu. Hayo ni majina ya mito. Hayakuletwa na reli wala na kampuni. Yalikuwa vinywani mwa Walamba, walimi wa inchi hii, kabla mji haujaanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville.

Walimi wale walikata matawi ya miti wakati wa kiangazi, wakayakusanya na kuyachoma, kisha mvua ilipoanza wakapanda mtama katika majivu. Walipenda pia vichuguu vikubwa, kwa maana udongo wake una nguvu kuliko ule mwekundu ulio kando yake. Shamba lilipochoka waliliacha lipumzike, na jamaa ikafungua lingine. Kijiji nacho kikahama. Mto tu ndio uliobaki mahali pake.

Kijiji kiliitwa kwa jina la mkubwa wake. Naye alipokufa, mrithi wa ukoo wa mama alipokea kazi pamoja na jina. Ndiyo sababu jina la Kaponda lingali hai hata leo katika utawala wa kimila ulio karibu na mji wetu, upande wa Kipushi. Katanga pia lilikuwa jina la mkubwa wa Walamba. Baadaye jina hilo likawa la jimbo lililopita Ubelgiji zaidi ya mara 15 kwa upana, mpaka jimbo hilo lilipogawanywa mwaka 2015.

Tunasema haya kwa sababu kubwa. Sheria ya tarehe 1 Julai 1885 ilisema kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya Serikali. Basi shamba lililoachwa lipumzike lilionekana machoni pa wageni kuwa pori tupu. Mwaka 1900 ilianzishwa Comité Spécial du Katanga, nayo ikapewa kuitawala ardhi hiyo. Lakini pori tupu halina majina. Pale ambapo kila kijito kina jina lake, watu wamepita hapo na jembe, na watoto wao wamechota maji hapo.

Tangu mwaka 1911 walimi Wabelgiji walialikwa kuja kulisha mji. Wengi wao hawakudumu, na unga wa wafanyakazi wa migodi ulinunuliwa kwa wingi Rhodesia ya Kaskazini, inchi iitwayo leo Zambia. Mwaka huo huo wa 1911 Mapadri Wasalesiani walifika Élisabethville. Katika miaka ya 1920 walifungua misioni karibu na mto Kafubu. Hawakuibatiza jina jipya. Waliiita Kafubu, na jina la mto likaingia katika vitabu vya Kanisa.

Leo mama zetu wanalima lengalenga na matembele mabondeni, kando ya maji yale yale. Nyumba zinaongezeka, vijito vinafunikwa, na kijito kikifunikwa jina lake halikawii kupotea. Kwa hiyo tunawaomba vijana wa parokia: waendeeni wazee, waulizeni kila kijito, kila kilima na kila bonde liliitwaje, kisha yaandikeni katika daftari moja. Anayekula bukari ya inchi hii ana deni kwa waliofungua shamba lake la kwanza. Tuanze kulilipa kwa kuyataja majina yao.