Kamera kwenye uzi wa tiara: George Lawrence na jiji lililoungua

Siku hizi ukitaka picha ya mji kutoka angani unanunua droni, unaiunganisha na simu, unabonyeza, kazi kwisha. Leo hebu turudi nyuma tumwangalie jamaa mmoja aliyeifanya kazi hiyo kwa tiara. Naam, tiara, kama zile wanazorusha watoto uwanjani, ila zake zilikuwa kubwa zaidi na zilifungwa nyingi kwenye uzi mmoja.

Jamaa huyo ni George R. Lawrence, mpiga picha wa Chicago, Marekani. Alijulikana kwa kukubali kazi ambazo wenzake walizikataa. Mwaka 1900 kampuni ya reli ya Chicago & Alton ilitaka picha ya treni yake nzima bila kuunganisha vipande. Kamera ya kufanya hivyo haikuwepo dukani, basi akaunda yake. Bamba lake la kioo lilikuwa na upana wa futi 8 na kimo cha futi 4 na nusu. Kamera pamoja na bamba hilo ilikuwa na uzito wa takriban kilo 640, na ilihitaji watu 15 kuitumia.

Lakini treni ni kitu kimoja, na mji mzima ni kitu kingine. Ukisimama chini, jengo la mbele linaficha la nyuma, hata kamera yako iwe kubwa namna gani. Lazima upande juu. Lawrence akajaribu puto. Mwaka 1901, huko Chicago, kikapu chake kilikatika kutoka kwenye puto akiwa zaidi ya futi 200 juu ya ardhi. Nyaya za simu zilizokuwa chini yake zilipunguza kishindo, akatoka mzima.

Mtu mwingine angeacha. Mwingine angetafuta kamba nene zaidi. Lawrence akaona kwamba kilichohitajika kule juu ni lenzi na filamu tu. Mpiga picha mwenyewe angeweza kubaki chini. Kwangu mimi ninayeandika programu, huo ndio uvumbuzi wake mkubwa kuliko hata kamera yenyewe: kuamua nini kipande na nini kibaki.

Hakuwa wa kwanza kutumia tiara. Huko Ufaransa, Arthur Batut alikuwa amepiga picha za Labruguière kwa njia hiyo tangu mwaka 1888. Batut aliwasha utambi kabla ya tiara kupaa. Moto ukifika mwisho, kamera inapiga. Ujanja mzuri, lakini ukishawasha utambi huna usemi tena. Kamera ikiwa inayumba au imegeukia upande mwingine, picha itapigwa tu.

Lawrence alirekebisha hapo. Alipitisha waya wa umeme kwenye uzi wa tiara, hivyo akawa na uwezo wa kuchagua wakati wa kupiga. Picha ikishapigwa, mwavuli mdogo ulifunguka na kudondoka, na watu wa chini wakajua kazi imefanyika. Wenzangu wa fani hii mtaona mara moja: amri inapanda, jibu linashuka. Ili kamera isiyumbe, aliiwekea miti mitatu mirefu, na kutoka kwenye ncha za miti hiyo nyuzi za hariri zilishuka hadi kwenye kipande cha madini ya risasi kilichoning'inia chini. Tiara zilifika hata 17, kutegemea nguvu ya upepo. Kamera yenyewe sasa ilikuwa takriban kilo 22. Filamu ilikaa kwa kupinda ndani yake, ili lenzi ikizunguka ichukue mandhari pana kwa mpigo mmoja.

Tarehe 18 Aprili 1906 tetemeko la ardhi liliipiga San Francisco, na moto ukafuata kwa siku kadhaa. Watu wapatao 3,000 walikufa, na majengo zaidi ya 28,000 yakaharibika. Wiki chache baadaye, mwezi Mei, Lawrence alirusha kamera yake futi 2,000 juu ya ghuba. Tazama picha hiyo: barabara ya Market inakata katikati ya mitaa iliyobaki kuta tupu, mnara wa kituo cha feri bado umesimama, na kwa mbali jua linatua upande wa Golden Gate. Aliyekuwa barabarani aliona kifusi cha mtaa wake tu. Picha hii ilionyesha hasara nzima kwa mtazamo mmoja. Filamu ilikuwa na upana wa karibu sentimita 120, nakala zikachapwa kwa ukubwa uleule, na kila moja ikauzwa dola 125.

Simu yako leo hupata upana kama huo kwa kuunganisha picha nyingi kwa hesabu. Droni nayo ina mambo yaleyale matatu: kitu cha kuibeba kamera, kitu cha kuituliza, na njia ya kuiamuru na kupata jibu. Lawrence aliyapata yote matatu kwa uzi, miti, risasi na waya.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukiwa na wazo na kifaa chake hakiuzwi popote, usilitupe bado. Kwanza uliza ni sehemu gani hasa lazima ipande juu. Huenda ni ndogo kuliko unavyodhani.