Rai na Maoni

Maneno mawili hupokezana katika Kiswahili pale mtu anapotaja alionalo juu ya jambo lisilo na hakika: rai na maoni. La kwanza ni la Kiarabu, na msomaji aliyeko Maskati hulisikia kila siku. La pili limezaliwa na kitenzi chetu, kuona. Asili ya maana ni moja, kwani hata hilo la Kiarabu limetokana na kuona. Lakini njia zao katika historia zimeachana.

Kwa mafakihi wa kale rai ilikuwa kazi ya mwanachuoni: hukumu aliyoifikia kwa akili yake pale asipopata andiko la wazi. Wafuasi wa Abu Hanifa kule Iraki walijulikana kwa kuitumia sana. Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea pwani yetu, alijitahidi kuibana. Harufu ya mamlaka haijaliacha neno hilo. Leo mkuu wa mkoa Tanzania akisema “natoa rai kwa wananchi”, hasemi anavyoona. Anaagiza kwa upole.

Maoni huenda upande wa pili, kutoka chini kwenda juu. Yana sanduku lake mlangoni pa ofisi, na kitenzi chake ni kukusanya, kama mavuno au kodi. Hata umoja wake, oni, umebaki kamusini. Mtu mmoja husema “maoni yangu” kwa wingi, kana kwamba peke yake hatoshi.

Mfano mkubwa ni Tume ya Nyalali. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi alimteua Jaji Mkuu Francis Nyalali aongoze tume ya kuuliza kama nchi iendelee na chama kimoja au iingie katika vyama vingi. Watu zaidi ya 36,000 walisikilizwa. Takriban asilimia 80 walitaka chama kimoja kiendelee. Asilimia 20 hivi walitaka vyama vingi. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Tangu hapo hesabu hiyo imekuwa fumbo linalosimuliwa kwa fahari na kwa kejeli. Wanaoitetea hukumbusha kwamba wengi miongoni mwa waliotaka chama kimoja walitaka pia kirekebishwe, na kwamba wachache kiasi hicho si wa kupuuzwa. Nami nakubaliana nao. Lakini hoja hiyo huwezekana tu pale maoni yanapopimwa uzito badala ya kuhesabiwa, na mwenye mizani hakuwa mwananchi.

Ndipo ugumu wa kura ya maoni unapoonekana. Vyombo vya habari huita hivyo utafiti unaouliza watu elfu mbili tatu wanampenda nani. Ndani ya Chama Cha Mapinduzi ni mchujo wa wagombea, ambapo vikao vya juu vinaweza kumwacha aliyeongoza. Na ni jina lile lile la uamuzi wa mwisho wa wananchi, kama ule wa Zanzibar wa tarehe 31 Julai 2010, ambapo takriban thuluthi mbili ya wapiga kura waliikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Kura mbili za kwanza hazimfungi mtu. Ya tatu hufunga. Neno halitofautishi, na sidhani ni umaskini wa lugha, maana uamuzi tunao, na hukumu pia.

Tume ya Jaji Joseph Warioba nayo ilikusanya maoni kuanzia mwaka 2012, ikatoa rasimu yenye serikali tatu. Bunge Maalumu la Katiba la mwaka 2014 likarudisha mbili. Katiba Inayopendekezwa ilipangiwa kura ya maoni tarehe 30 Aprili 2015. Ikaahirishwa, na haijapigwa.