Nasaba, Vinasaba na Upande wa Mama katika Historia ya Pwani ya Afrika Mashariki

Kiswahili kilipohitaji jina la DNA hakikwenda mbali. Kilichukua nasaba, neno lenye asili ya Kiarabu, kikalitia kiambishi vi- na kupata vinasaba. Jina hilo linaashiria kuwa vitu hivi viwili husimulia jambo moja, lakini sivyo. Nasaba zinazotunzwa na koo nyingi za Lamu, Mombasa au Kilwa hupanda kwa baba, bin baada ya bin, hadi Shirazi au Hadhramaut. Vinasaba hurithiwa kwa wazazi wote wawili, na humo mama hafutiki.

Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Esther Brielle, Chapurukha Kusimba, David Reich na wenzao kuhusu mabaki ya watu 80. Walizikwa katika miji sita ya pwani kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi, ikiwemo Mtwapa, Manda, Kilwa na Songo Mnara, na wengine katika makazi ya bara ya Makwasinyi, karibu na mlima Kasigau. Kwa wengi wa watu wa pwani, zaidi ya nusu ya urithi wao ulitoka kwa wahenga wa Kiafrika, hasa wanawake. Sehemu kubwa iliyosalia ilitoka Asia, na kati ya asilimia 80 na 90 ya sehemu hiyo ilitokana na wanaume wa Uajemi. Mchanganyiko huo ulianza kufikia mwaka 1000 hivi. Baada ya mwaka 1500 asili ya Uarabuni ikaongezeka. Jinsia za wahenga hao zilibainika kwa sababu DNA ya mitokondria hupitishwa na mama pekee, na kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume.

Matokeo haya yamegusa mjadala mkongwe. Wanahistoria wa enzi ya ukoloni waliichukulia miji ya mawe kuwa kazi ya wageni, na Mwafrika akawa mtazamaji katika pwani yake mwenyewe. Derek Nurse na Thomas Spear, katika kitabu chao cha 1985, waliipinga picha hiyo kwa ushahidi wa lugha: Kiswahili ni Kibantu kwa sarufi na kwa msamiati wake wa msingi, na hadithi za Washirazi zilifaa kusomwa kama lugha ya mfano kuhusu hadhi na ustaarabu. Sasa inaonekana kuwa Waajemi walikuwapo kweli. Ila kuwapo kwao hakuwarudishi wanahistoria wa kikoloni kwenye kiti chao, kwani baba aliyetoka ng'ambo hakuijenga jamii peke yake, na watoto wake walizungumza lugha ya mama zao.

Jambo linalosahaulika ni kwamba mapokeo yenyewe hayakumficha mama huyo. João de Barros, aliyechapisha habari za Kilwa mwaka 1552, anaeleza kuwa Ali, mwana wa mfalme wa Shirazi, alidharauliwa na ndugu zake kwa sababu mama yake alikuwa Mhabeshi, ndipo akasafiri. Mapokeo ya Kiswahili ya Kilwa Kisiwani nayo yanasimulia kuwa mgeni huyo alimwoa binti wa mwenyeji, mzee Mrimba. Kumbukumbu ya mama ilibaki katika hadithi, ikaondolewa katika orodha ya majina.

Msamiati wa ukoo unabeba alama zile zile. Ami na binamu, yaani ndugu wa baba na mwanawe, ni maneno ya Kiarabu. Mama, mjomba na ndugu wa tumbo moja ni Kibantu. Mgawanyo huu haujanyooka, kwani shangazi ni wa upande wa baba naye jina lake ni la Kibantu. Hata hivyo, ni vigumu kuuona kuwa wa bahati nasibu tu.

Tahadhari inahitajika. Makaburi mengi yaliyochunguzwa yalikuwa ya watu wenye hadhi. Waliozikwa pembezoni, wakiwemo watumwa, hawana sauti ya kutosha katika takwimu hizo. Aidha, mtu wa leo anayepima mate yake na kupata mstari wa baba unaoelekea Uajemi ameonyeshwa mhenga mmoja tu kati ya nafasi 1,024 zilizopo vizazi kumi nyuma yake. Kuidai Shirazi nzima kwa mstari huo, au kumnyima jirani Uswahili kwa kukosa mstari huo, ni kukipa kipimo mamlaka kisiyokuwa nayo. Zanzibar, ambako mwaka 1957 neno Shirazi liliingia katika jina la chama cha siasa, inajua uzito wa madai ya aina hiyo.

Kwa familia inayotaka kujua zaidi, hatua baada ya maabara ni nyumba. Katika desturi ya waungwana wa Lamu binti alipewa nyumba alipoolewa, mume akahamia humo. Kwa hiyo majina ya wanawake ambayo nasaba iliyaruka huenda yakapatikana katika hati za nyumba na za wakfu, na kwa bibi anayeweza kusema nyumba ile ilikuwa ya nani kabla ya mama yake.