Safura na Kichocho: Damu ya Watoto wa Skuli Pemba

Neno safura limetoka katika Kiarabu. Mzizi wake ni ule ule wa asfar na safraa, rangi ya manjano. Wazee wetu waliupa ugonjwa jina kwa walichokiona usoni mwa mtoto aliyepungukiwa na damu. Wasomaji wa Ghubra na kwengineko Maskati waliosomea Pemba watamkumbuka mtoto huyo: mnyonge, anasinzia darasani, na pengine ndiye huyo huyo akikojoa damu kwa kichocho.

Maradhi hayo hayakuja moja moja. Minyoo ya safura huingilia nyayoni kwa atembeaye pekupeku, ikafyonza damu tumboni. Kichocho hupatikana kwa kuoga mitoni na madimbwini. Malaria nayo huvunja chembe nyekundu za damu. Yote matatu yakichota kisima kimoja.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 uliwapima watoto wa skuli 3,595 wa Pemba. Asilimia 62.3 walikuwa na upungufu wa damu, na asilimia 73 ya upungufu mkali ilitokana na safura. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani likazitaka nchi ziwafikie kwa dawa za minyoo na kichocho angalau asilimia 75 ya watoto wa skuli walio hatarini, ifikapo 2010.

Historia ya Pemba imeandikwa sana kwa karafuu. Iandikwe pia kwa watoto hawa: wangapi waliitwa wavivu, wakachapwa, wakaacha skuli, na kumbe walikuwa wamepungukiwa na damu?