Kwa nini karatasi husumbua Voi na Wundanyi

Mwenye duka la kutoa nakala mjini Voi na mwenzake wa Wundanyi huweza kununua karatasi za aina moja, lakini malalamiko yao yakatofautiana. Wa Voi husema kurasa hujikunja, na mashine huvuta mbili kwa mpigo. Wa Wundanyi, kwamba zimelegea, hukwama na maandishi hutoka hafifu. Aghalabu fundi ndiye hulaumiwa. Kiini mara nyingi ni hewa.

Karatasi ni msongamano wa nyuzi za mimea, na nyuzi hizo hupenda maji. Hata ile inayoonekana kavu kabisa huwa na maji, takriban asilimia 5 ya uzito wake. Ukurasa wa A4 wa gramu 80 kwa mita ya mraba una uzito wa gramu 5, kwa kuwa kurasa 16 hutimiza mita moja ya mraba. Maji yaliyomo basi ni kama robo gramu tu, nayo hupungua au kuongezeka kulingana na unyevu wa hewa.

Uzi ukinywa maji hunenepa zaidi ya unavyorefuka. Kiwandani nyuzi nyingi hulala kufuata mwendo wa mashine, hivyo karatasi hutanuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Chukua gazeti kuukuu ulichane kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka kushoto kwenda kulia. Mchano wa kwanza kwa kawaida hunyooka. Wa pili huenda mrama.

Katika ukame wa Voi, rimu iliyoachwa wazi hukauka kingoni na kunywea kabla ya katikati. Joto la mashine likikausha upande mmoja zaidi, ukurasa hujikunja. Tena karatasi kavu mno haipitishi umeme vyema, kwa hivyo chaji zitokanazo na msuguano husalia na kurasa hung'ang'aniana. Katika ukungu wa milima ya Taita, kingo hunenepa zikafanya mawimbi, na wino wa unga haushiki barabara.

Dawa yake ni nafuu: rimu isifunguliwe hadi ihitajiwe, isiwekwe juu ya sakafu ya saruji, na iliyoteremshwa kutoka kwenye baridi ilale usiku mmoja chumbani kabla ya kufunguliwa.

Ajabu ni kwamba mashamba ya mkonge ya Voi na Mwatate yana nyuzi ndefu na imara zifaazo kwa karatasi maalumu.

Hatari kubwa zaidi ni kwa hati za ardhi. Wengi huzifunika kwa plastiki ya moto wakidhani wamezihifadhi, ilhali gundi hiyo haitoki tena bila kuharibu karatasi. Afadhali bahasha safi, ndani ya sanduku lililo mbali na jua na ukuta wenye unyevu. Hati isizungushiwe gazeti: karatasi ya gazeti hugeuka manjano upesi, na asidi yake huhamia kwenye karatasi iliyo jirani.